Mkurugenzi Mpya, Deni la Zamani

Somo: Nehemia 2:11–18 na Nehemia 5:1–13

 

Jumapili iliyopita Mchungaji Kiongozi alikuwa safarini nami nikapewa madhabahu. Baada ya ibada wengine mlinishika mkono mkaniambia niandike ujumbe ule. Wengine nimesikia mliondoka mkinung'unika, mkiuliza tangu lini supamaketi ikahubiriwa kanisani. Wote nawashukuru. Nimeuandika ulivyokuwa, pamoja na ile sehemu ambayo sauti ilinikwama. Usome polepole, na ukifika mwisho usimtafute jirani yako wa kumpelekea. Anza na wewe.

Nianze na stori.

Mwaka 2015 nilikuwa chuoni nikisomea biashara. Siku moja mwalimu aliingia darasani akaandika neno moja ubaoni: Uchumi. Hakuwa akizungumzia uchumi wa nchi. Alikuwa akizungumzia ile supamaketi. Sisi wa umri wetu tuliikuta ikiwa jina kubwa. Ilianzishwa mwaka 1975, serikali ikiwa na mkono ndani yake, ili mwananchi wa kawaida apate bidhaa kwa bei anayoiweza. Mwaka 1992 ikaingia Soko la Hisa la Nairobi, na Wakenya wengi wakanunua hisa zake, walimu, makarani, wastaafu.

Kisha ikaanza kulegea. Ilifungua matawi kuliko nguvu zake, madeni yakapanda, na tarehe 1 Juni 2006 milango ikafungwa. Hebu fikiria wewe ni keshia, umeamka asubuhi umevaa yunifomu, unaambiwa rudi nyumbani. Lakini haikufa. Mwezi Julai mwaka huo huo ilifunguliwa tena. Serikali ilitoa mkopo wa shilingi milioni 675, mabenki yakavumilia, na wasambazaji, yaani wale wanaoleta unga, maziwa, sabuni na mboga, wakakubali kuleta tena. Usimamizi akapewa Jonathan Ciano. Na kweli ikafufuka. Mwaka 2010 ikatoka mikononi mwa mrasimu, na Mei 2011 hisa zake zikarudi sokoni. Watu wakasema, mwaona, kumbe kufufuka kunawezekana!

Mwisho wa mwaka 2014 kampuni ikaomba wenye hisa waongeze pesa. Wakaongeza. Zilipatikana shilingi milioni 895, na waliotaka kununua walikuwa wengi kuliko hisa zilizokuwepo. Miezi sita haikupita sana. Juni 2015 bodi ikamwondoa mkurugenzi mkuu. Hesabu za mwaka ulioishia mwezi huo zilipotoka, zilionyesha hasara ya shilingi bilioni 3.4. Rafu zilikuwa zimeanza kuwa tupu. Unaingia kutafuta sukari unakuta mstari mrefu wa tishu, zimepangwa kwa upana ili kuficha pengo.

Agosti 2015 akaajiriwa mkurugenzi mkuu mpya, Julius Kipng'etich. Jina lake halikuwa dogo. Alikuwa ameongoza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, akasifiwa, kisha akafanya kazi ya juu katika Benki ya Equity. Ndiyo habari ambayo mwalimu alituletea darasani siku ile. Akasema, andikeni kurasa tano: je, mtu huyu ataiokoa Uchumi?

Mimi niliandika kurasa saba. Niliandika kuhusu uongozi, maono, mikakati na sifa za kiongozi wa kubadilisha mambo. Nikamaliza kwa kusema mtu sahihi amepatikana. Nikapata alama nzuri sana.

Sasa sikia kilichotokea. Oktoba 2015 alifunga matawi ya Uganda na Tanzania, kwa kuwa yalikuwa yakinyonya damu ya matawi ya nyumbani. Alikaa na wasambazaji akiwaomba warudi. Alitafuta pesa serikalini na kwa wawekezaji. Mwisho wa 2017 akaondoka. Mwaka 2018 akaja mwingine, Mohamed Ahmed Mohamed. Machi 2020 wadai walipiga kura kukubali mpango wa kampuni kuwalipa polepole. Na matawi yaliendelea kupungua hadi jina lile likawa la kukumbukwa.

Na haikuwa peke yake. Nakumatt, iliyoanza kwa kuuza magodoro Nakuru, ikakua hadi ikawa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki. Hata sisi wa huku tulikuwa tukienda Nyali kuona ule upepo wa eyakondishoni. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Tuskys nayo ikafuata njia hiyo hiyo.

Kwa nini nakuambia haya yote? Kwa sababu kurasa zangu saba zilikuwa na kosa moja kubwa, na kosa hilo nililibeba kutoka chuoni nikaliingiza ndani ya kanisa hili. Niliandika mengi kuhusu mtu anayeingia ofisini. Sikuandika hata mstari mmoja kuhusu mtu anayesimama nyuma ya duka na lori lake la kabeji akingoja kulipwa.

Pesa zilizo kwenye droo si zako zote

Nikueleze jinsi supamaketi inavyofanya kazi, halafu utaelewa Nehemia.

Wewe ukinunua unga supamaketi, unalipa papo hapo, taslimu au M-Pesa. Lakini aliyeleta unga huo hakulipwa siku ile. Aliambiwa angoje siku 30, au 60, wakati mwingine 90. Kwa hiyo kila jioni droo ya keshia imejaa, na meneja akiiangalia anaona utajiri. Kumbe sehemu kubwa ya pesa hizo ni za watu. Ni za mwenye ng'ombe wa maziwa, za mwenye kiwanda kidogo cha mkate, za mama wa mayai. Zimepita tu hapo, zikielekea kwao.

Shida huanza siku meneja anaposahau. Anazichukua zile zilizo njiani anafungua tawi jipya. Tawi jipya linaonekana, linakatwa utepe, linapigwa picha. Deni la mama wa mayai halionekani. Siku 90 zinakuwa 120, zinakuwa mwaka. Mama anaacha kuleta. Rafu inabaki tupu. Mteja anaingia, anakosa, anaenda kwingine. Droo inapungua. Sasa hata ukitaka kulipa huna. Hapo ndipo bodi inakaa na kusema, tutafute mkurugenzi mpya.

Nabii Hagai, sura ya kwanza mstari wa sita, aliwaambia watu wa siku zake kwamba mshahara wao unaingia katika mfuko wenye matundu. Wapendwa, mfuko ukiwa na tundu, kubadilisha mkono unaoubeba hakuzibi tundu. Hata ukiongeza milioni 895, zitatoka pale pale.

Mimi hili nilipaswa kulijua kabla ya kwenda chuo. Mama yangu mzazi alifuga kuku. Kuna duka kubwa moja, si hayo niliyoyataja na jina lake naliacha, lililokuwa likichukua mayai yake. Lilikuja kumdai subira miezi mitano. Kila akienda anaambiwa aliyehusika na malipo amebadilishwa, rudi wiki ijayo umwone mpya. Mama akaniuliza, "Mwanangu, hawa wakibadilisha mtu, na deni langu hubadilika?" Sikuwa na jibu. Mwaka ule nilikosa muhula mmoja wa masomo kwa sababu ya mayai yale. Na bado niliporudi darasani niliandika kurasa saba za kumsifu mkurugenzi mpya!

Nehemia alitembea usiku kwanza

Fungua Nehemia sura ya pili. Huyu bwana alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta, mtu wa ikulu, mwenye kazi nzuri. Akasikia ukuta wa Yerusalemu umebomoka, akaomba ruhusa, akaenda. Kwa lugha ya leo ndiye mkurugenzi mpya.

Angalia alichofanya alipofika. Hakuita mkutano. Hakubandika picha yake. Alikaa siku tatu kimya. Kisha akaondoka usiku na watu wachache, na mnyama mmoja tu, aliyempanda mwenyewe. Akazunguka lango baada ya lango akiangalia palipobomoka na palipoteketea kwa moto. Mahali pengine kifusi kilikuwa kingi hata mnyama akakosa njia. Wakubwa wa mji hawakujua alikokwenda. Alipokwisha kuona ndipo akafungua kinywa.

Watu wengi tunapenda sura ya pili kwa sababu inaishia na watu kusema tuondoke tukajenge. Sura ya tatu kila mtu anajenga mbele ya nyumba yake. Haleluya! Lakini sura ya tano hatuihubiri sana. Sura ya tano ukuta unaendelea kupanda, na chini ya ukuta kuna kilio. Wake kwa waume wanalia. Wengine wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka. Wengine wamekopa kulipa kodi ya mfalme. Watoto wao wanachukuliwa utumwani kwa ajili ya madeni. Na wanaowadai ni ndugu zao, hao hao wanaoshika mawe pamoja nao mchana.

Umeona? Ukuta unapanda, na walio chini yake wanazama. Mradi unaonekana na deni halionekani.

Nehemia alikasirika. Biblia inasema alishauriana na nafsi yake kwanza, halafu akawaita wakubwa mkutanoni. Na katikati ya kuwakemea akasema jambo ambalo mimi kama ni mkurugenzi mpya nisingelisema. Alikiri kwamba yeye mwenyewe, na ndugu zake, na watumishi wake, nao walikuwa wamewakopesha watu hao fedha na nafaka. Akasema tuache. Warudishieni leo hii mashamba na nyumba zao. Akawaita makuhani wawaapishe. Akakung'uta nguo yake mbele ya watu wote kama ishara, mkutano mzima ukasema Amina.

Hiyo Amina ilimgharimu kila aliyeisema. Amina zetu nyingi hatulipii kitu.

Na mimi pia

Sasa nifike kwa sehemu iliyonikwama.

Mkutano wetu wa mwaka uliopita mliamua fedha na mradi wa ujenzi vipewe mtu mpya. Mambo yalikuwa yamelegea, mnakumbuka. Mkasema yuko kijana amesomea biashara. Mkanisimamisha hapo mbele, akina mama wakapiga vigelegele, na Mchungaji Kiongozi akasema Mungu ametupa Yusufu wetu. Nilirudi nyumbani siku ile sikanyagi chini.

Nitakuambia kitu kuhusu Yusufu ambacho nilikuja kukiona baadaye. Soma Mwanzo 41. Farao alimweka Yusufu kazini kabla ya njaa. Alipewa miaka saba ya shibe, akaweka akiba sehemu ya tano katika kila mji. Njaa ilipofika ghala zilikuwa zimejaa. Sisi humtafuta Yusufu mwaka wa nane, ghala zikiwa na panya tu, halafu tunashangaa kwa nini ndoto hazitimii. Mimi nilihitaji kuwa Nehemia, nikajiona Yusufu.

Wiki ya kwanza nilifungua faili. Ndani nikakuta karatasi ya fundi wetu wa mbao. Mabenchi 30, kila moja shilingi 3,500. Jumla 105,000. Alilipwa 40,000. Zilibaki 65,000, na karatasi ile ilikuwa imekaa mwaka na zaidi. Ni mabenchi haya haya mnayokalia mkisoma karatasi hii.

Niliifanya nini karatasi ile? Niliirudisha kwenye faili. Nikajiambia hili ni deni la uongozi uliopita, mimi nimekuja na maono. Mwezi ule ule nikaidhinisha spika mpya za shilingi 48,000. Spika mlizisikia, mkafurahi, na sauti sasa inafika hadi barabarani. Hata madereva wa lori za taka, zile za kaunti zinazotupita hapa kwenda jaani tangu Kibarani ilipofungwa, hupunguza mwendo wakisikia sifa. Nami nilijiona nimefufua kanisa.

Fundi alikuwa ameacha kuja. Tulipouliza, tukaambiana amerudi nyuma kiroho. Tukaliweka jina lake kwenye orodha ya maombi ya Jumatano. Wapendwa, tulimwombea miezi minne! Tulimwombea arudi kwa Bwana, tumekaa juu ya mbao zake.

Siku moja nikaenda kumtembelea na akina mama wawili, tumrejeshe zizini. Kwake ni huku huku Mwakirunge, ndani kidogo, mwendo wa mguu. Alitupokea vizuri. Akatuwekea viti kivulini, akamwita bintiye alete maji. Nikauliza kwa nini binti hayuko shule na si wakati wa likizo. Akatabasamu tu. Tukaomba, tukasoma neno, nikamwonya kwa upole asiache kukusanyika pamoja na wenzake.

Alipomaliza kunisikiza aliingia ndani, akatoka na daftari la shule lililokunjika. Akanionyesha ukurasa. Juu ameandika jina la kanisa letu na 65,000. Chini yake ameandika pesa anazodaiwa na mwenye mbao, halafu karo, halafu dukani. Mistari yote imeunganishwa kwa mshale mmoja kwenda juu, kwetu.

Akasema, "Pasta, mngeniambia tu hamna. Mimi pia mara nyingi sina. Ningengoja. Lakini nilikuwa nikipita barabarani nasikia spika."

Nilirudi nyumbani nimetazama chini. Wale akina mama wawili hawakusema neno hadi tulipofika barabara kubwa. Kisha mmoja akasema, "Mchungaji, sisi ndio Uchumi wa mtu huyu." Sijui alilitoa wapi, maana sikuwahi kumhubiria somo hilo. Ni Roho.

Mambo matatu ya mkurugenzi mpya

Kila mmoja wetu kuna mahali yeye ndiye mkurugenzi mpya. Umeokoka mwaka jana, umechukua uongozi wa maisha yako. Umeoa. Umechaguliwa mweka hazina wa chama. Umepewa duka la marehemu baba. Umefunguliwa tawi. Nehemia anatufundisha mambo matatu.

La kwanza, zunguka usiku. Kabla ya kutangaza maono, hesabu matundu. Chukua karatasi, kaa peke yako, andika kila unayemdai na kila anayekudai. Usiandike kiasi peke yake, andika na jina. "Dukani 1,200" ni hesabu. "Mama fulani, ambaye mtoto wake ana pumu, 1,200" ni ukuta uliobomoka. Ukimwona mtu, deni linakuwa na uso.

La pili, usiseme hilo ni la aliyenitangulia. Kijana mmoja aliniuliza, kwani Nehemia ndiye aliyebomoa ukuta? Hapana. Hata Kipng'etich hakuyatengeneza madeni aliyoyakuta. Lakini ukikubali kiti, umekubali na karatasi zilizo kwenye droo ya meza. Msambazaji hajui bodi ya jana na bodi ya leo. Anajua jina lililo juu ya mlango. Na juu ya mlango wetu pameandikwa jina la Yesu. Fundi akikosa kulipwa, si jina langu linalochafuka mtaani.

La tatu, mwendee unayemdai kabla hajakufuata, na umwambie ukweli. Mithali 3:27–28 inatukataza kumwambia mtu nenda urudi kesho, na kumbe kitu kiko mkononi. Kumbukumbu la Torati 24:15 inasema kibarua alipwe kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na roho yake imeutegemea ujira ule. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Jamani, tulikuwa tumenunua spika ili Mungu atusikie, na yeye alikuwa akisikiliza daftari la fundi.

Kama huna, sema huna, na useme lini utapata. Mwaka 2006 wasambazaji walikubali kurudisha bidhaa zao Uchumi. Mtu anaweza kungoja deni akijua anaheshimiwa. Kimya ndicho kinachoua biashara, na kinaua ushirika pia.

Msalaba na daftari

Najua kuna mtu anasema, Mchungaji, Yesu alishalipa yote. Amina, alilipa. Wakolosai 2:14 inatuambia hati ya mashitaka yetu ilifutwa na kugongomelewa msalabani. Deni langu kwa Mungu nisingeweza kulilipa milele, na limelipwa. Nalitangaza hilo bila aibu.

Lakini mtazame Zakayo, Luka 19. Yesu aliingia nyumbani mwake kabla hajalipa hata senti. Hiyo ni neema. Na neema ile ilipokaa mezani, Zakayo mwenyewe akasimama, akasema nusu ya mali kwa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Ndipo Yesu akasema leo wokovu umefika katika nyumba hii. Zakayo hakumwambia aliyemdhulumu, ndugu yangu, nimeokoka, ya kale yamepita. Msamaha wa Mungu haukufuta daftari la jirani. Ulimpa Zakayo moyo wa kulifungua.

Mtu akikuhubiria wokovu na wewe unamdai karo ya mtoto wako, huo wokovu anauonaje?

Nilimweleza Mchungaji Kiongozi na wazee wote. Hakuna aliyenifokea. Tukakubaliana, na Jumapili iliyopita mbele yenu nikatangaza. Fundi amelipwa 20,000 za kwanza. Zilizobaki 45,000 atalipwa 15,000 kila mwisho wa mwezi, miezi mitatu. Kinanda kipya kitangoja. Na kuanzia sasa, kila mwezi, orodha ya watu kanisa linaowadai na wanaolidai itabandikwa ubaoni karibu na mlango, hapo hapo tunapobandika zaka.

Mmeniuliza, fundi amerudi? Hajarudi. Jina lake tumeliondoa kwenye orodha ya waliorudi nyuma na kuliweka kwenye orodha ya wadai wetu, ambako lilipaswa kuwa tangu mwanzo. Sitaenda kumhimiza arudi ibadani hadi nimpelekee shilingi ya mwisho. Siku hiyo nitakwenda kwa miguu, na nikifika sitahubiri. Nitaomba maji ya kunywa.

La kufanya wiki hii

Andika orodha yako usiku mmoja, peke yako, mbele za Mungu. Chagua jina moja, dogo kabisa. Kabla ya Jumapili mwendee, au umpigie simu. Mlipe, au umwambie ukweli. Ukiwa ni wewe unayedai, na unajua mwenzako kweli hana, mwendee pia, umpunguzie mzigo wa kukukwepa njiani.

Tuombe

Baba, katika jina la Yesu. Wewe uliyetulipia deni tusiloliweza, tufungulie macho tuone watu tuliowasahau. Turehemu tulipopaza sauti kwako na kunyamaza kwa jirani. Wape wanaoongoza, kanisani, dukani na nyumbani, ujasiri wa kuzunguka usiku na unyenyekevu wa kusema na mimi pia. Mbariki fundi wetu, mbariki binti yake arudi darasani. Na nyumba hii, kabla haijaitwa kubwa, iitwe nyumba inayolipa. Amina.